Nukta Sita za Vipofu

Katika shule ya vipofu ya Paris, nchini Ufaransa, wanafunzi wa zamani walisoma kwa kupapasa herufi kubwa zilizoinuliwa juu ya karatasi. Vitabu vilikuwa vizito mno, na kusoma kulikwenda polepole. Kuandika ndiko kulikowashinda kabisa.

Louis Braille aliingia shuleni humo mwaka 1819, mwenye umri wa miaka 10. Alipokuwa na miaka 3 alijichoma jicho kwa chombo cha baba yake, fundi wa matandiko ya farasi, na ubaya ukaenea hata jicho la pili. Charles Barbier, aliyepata kuwa askari, alikuwa amebuni maandishi ya nukta 12. Braille akazifanya 6, zienee chini ya ncha ya kidole kimoja, akayatangaza mwaka 1829.

Wakubwa wenye macho hawakuyapenda, maana hayakufanana na herufi walizozijua wao, kana kwamba wao ndio waliokuwa wakipapasa! Katika miaka ya 1840 yalikatazwa. Wanafunzi wakaandikiana kwa siri. Braille alifariki mwaka 1852. Shule ikayakubali mwaka 1854.

Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya vipofu Thika, na watoto wa Kenya wakazisoma nukta zile zile.