Kabla hujapakua programu nyingine, fungua zilizokuja na simu

Inboksi yangu kuna swali linajirudia kila wiki: "Dada, unaendesha duka kwa programu gani?" Watu wanategemea nitaje kitu cha kulipia kwa mwezi. Mimi natumia simu ya kawaida tu ya Android, na kazi kubwa naifanya na vile vitu ulivyovikuta ndani siku umeinunua. Meseji, majina, kalenda, kibodi, kamera. Basi.

Nianze na meseji, maana hapo ndipo hela inalindwa.

Mwezi uliopita mteja mmoja alichagua pea mbili za viatu na begi, jumla 95,000. Boda yuko mlangoni, pikipiki inanguruma. Mteja akanitumia skrinishoti: "Nimeshatuma bosi, mruhusu boda nina haraka." Kabla sijajibu, meseji ikaingia kweli kwenye simu yangu. Ina namba ya muamala, ina jina lake, ina salio. Nikamwambia boda, kaka hebu zima pikipiki kwanza.

Kwa nini? Meseji za kweli za malipo huwa zinapangana kwenye mazungumzo yaleyale, chini ya jina lilelile la huduma. Ukifungua unaziona zote, ya jana, ya juzi, ya mwaka jana. Hii ilikaa peke yake juu kama mazungumzo mapya, na nilipogusa pale kwenye jina nikakuta namba ya kawaida ya mtu. Halafu salio. Meseji ya kweli ya mwisho ilinionyesha nina 212,000. Ukijumlisha 95,000 inatakiwa isome 307,000. Hiyo iliniambia nina zaidi ya milioni! Ningependa, lakini hapana.

Na hata vyote viwili vikikaa sawa, bado usimruhusu boda, maana kuna watu wanajua kughushi mpaka jina la mtumaji. Hakimu wa mwisho ni salio lenyewe. Kama unatumia M-Pesa hapa Tanzania piga *150*00#, Airtel Money *150*60#, haihitaji bando. Skrinishoti ya mteja haithibitishi chochote, ni picha kama picha nyingine. Nilimpigia yule mteja nikamwambia kwa upole, "Mpenzi, huku haijasoma, tuisubiri kidogo." Akakata simu, na mpaka leo hajapiga. Begi nililiuza Jumamosi.

Kitu kingine hapohapo kwenye meseji: kuna alama ya kutafuta, ile kama kioo cha kukuzia. Mteja akisema "nilishakupa kianzio mwezi wa kwanza", huna haja ya kubishana naye. Andika jina lake, meseji inajileta yenyewe. Ndiyo maana nawaambia msifute meseji za malipo kutafuta nafasi. Meseji hazijazi simu, kinachojaza ni zile video za magrupu.

Tuje kwenye majina. Wengi mnaandika "Mama Asha", "Mteja 1", "Mteja mpya mpya". Sasa ukiwa na watu mia tatu utamjua nani? Mimi naandika hivi: Asha Kigamboni 38 flati. Jina, anapokaa, saizi ya mguu, anachopenda. Mzigo wa flati ukiingia, natafuta "38" kwenye majina, wote wanatokea, nawatumia picha wao tu. Nikiwa na boda anaenda Kigamboni, natafuta "Kigamboni", naona nani mwingine wa huko ana oda, nauli wanagawana. Hakuna programu ya kulipia iliyonifundisha hilo.

Ila angalia unapohifadhi. Simu nyingi zinakuuliza: laini, simu, au akaunti ya Google? Chagua akaunti, halafu hakikisha imewashwa kujihifadhi mtandaoni. Laini ikipotea, majina yaliyokaa kwenye laini yanaenda nayo. Simu ikiibiwa, ya kwenye simu ndiyo hivyo tena. Ya kwenye akaunti, ukiingia na barua pepe yako kwenye simu mpya yanarudi. Nywila ya hiyo akaunti iandike mahali nyumbani, siyo ndani ya simu hiyohiyo.

Kibodi ndiyo watu hawaijui kabisa. Ingia kwenye mipangilio, tafuta kibodi, halafu kamusi binafsi. Pale unaweka neno fupi na maelezo yake marefu. Mimi nikiandika "bei1", juu ya kibodi inatokea meseji nzima: bei, saizi zilizopo, gharama ya kutuma ndani ya Dar na ya mkoani kwa basi, na namba ya kulipia. Nagusa, imeenda. Mteja wa usiku hasubiri, akiuliza watu wanne, anayejibu kwanza mara nyingi ndiye anayeuza. Bei ikibadilika, kumbuka kubadilisha na kule.

Wanaolipa mdogomdogo nawaweka kwenye kalenda. Tarehe aliyoahidi, jina, kiasi kilichobaki, na kengele asubuhi yake. Nikimkumbusha siku aliyoitaja mwenyewe hasemi namsumbua.

Kamera sitaongea sana. Futa kioo cha nyuma kwa kitambaa, simama karibu na dirisha, washa ile mistari ya kunyooshea picha kwenye mipangilio yake. Zima urembo wote, hasa ule unaobadili rangi, kwa sababu maruni ikitokea nyekundu mteja anarudisha na nauli ya boda inakuwa juu yako. Na piga picha ya soli na mshono pia. Wateja wa mkoani hawawezi kuja kushika, hizo ndizo picha wanazoziomba kabla ya kutuma hela.