Jua tunalo, je, linatufikia?



Mgeni anayeshuka Nansio, katika kisiwa cha Ukerewe, huwakuta akina mama wakianika dagaa na wavuvi wakishona nyavu juani tangu asubuhi. Wengi wetu huliona jua hilo kuwa ni la kukaushia samaki tu. Kumbe linajenga na mifupa yetu. Mionzi yake ya urujuanimno inapogusa ngozi, mwili hutengeneza vitamini D, ambayo ini na figo huikamilisha, nayo huuwezesha utumbo kufyonza madini ya kalisiamu. Ikipungua sana, mtoto hupata matege, na mtu mzima hulainika mifupa, akaumwa mwili na kulegea misuli asijue sababu.

Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliowapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania; wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Mwaka 2013 vikafuata vipimo vya jamii nyingine za nchi yetu, wakiwamo watu wa Ukerewe, na kwa jumla hali ilikuwa njema. Madaktari wengi humhesabu aliye chini ya 50 kuwa amepungukiwa.

Sasa tuitazame Oman, nchi ya jua kali ambako familia nyingi za Kiswahili zina jamaa. Mwaka 2011 ulichapishwa uchunguzi wa wanawake 41, watumishi wa Hospitali ya Royal mjini Muscat, walioonekana wazima kabisa. Wote walikutwa chini ya 50. Jua lilikuwapo, lakini anayeshinda ndani kwa kukimbia joto halimfikii, na kioo cha dirisha huizuia mionzi hiyo.

Basi tusijidanganye kwa kukaa karibu na Ikweta. Binti aliyelelewa akianika dagaa Nansio, leo akishinda dukani Mwanza tangu asubuhi hadi Magharibi, au akienda kufanya kazi za ndani Muscat, ameliacha jua nyuma yake. Tena ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi kuliko nyeupe. Upungufu huu haupigi hodi.

Je, hijabu ndiyo ya kulaumiwa? La hasha. Sitara haikumkataza mwanamke kukaa uani kwake, mbele ya maharimu wake, mikono na miguu ikiota jua kwa muda mfupi, bila kuungua. Ni juu yetu akina baba, tunapojenga, tusisahau ua wenye faragha.

Nasaha hii haiwahusu ndugu zetu wenye ualbino, ambao Ukerewe inao wengi. Kwao jua huleta saratani ya ngozi. Kofia pana, mikono mirefu na kivuli ni haki yao.

Chakula nacho husaidia: samaki wenye mafuta, maini na kiini cha yai, pamoja na dagaa wanaoliwa na mifupa yao, ambao hutupa kalisiamu. Ama vidonge, tusivimeze bila ushauri wa daktari, kwani vikizidi hupandisha kalisiamu katika damu na kuharibu figo.

Afya ni amana, na amana huulizwa. Tusingoje maumivu ndipo tuikumbuke.

Wabillahi tawfiq.