Lubaina Himid na wenzake wa korido

Mwanamke wa Kisaka, mkoani Mara, anayechagua doti ya kanga sokoni Mugumu au Tarime husoma kwanza maneno, ndipo aulize bei. Kanga za aina hiyo zimeingia pia katika majumba makubwa ya sanaa ya Ulaya, kupitia brashi ya msanii aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954: Lubaina Himid.

Malaria ilimuua baba yake Lubaina akiwa na miezi minne. Mama yake, Mwingereza aliyekuwa mbunifu wa vitambaa, akarudi naye kwao. Lubaina akakulia London na kusomea ubunifu wa majukwaa ya maigizo. Alipoingia katika sanaa, aliwakuta wanawake weusi wengi wakichora, wakipiga picha na kuandika mashairi, ila kazi zao hazikutundikwa popote pa maana.

Mwaka 1985 aliwakusanya wasanii 11, akiwamo yeye mwenyewe, wanawake wenye asili ya Afrika, Karibi na Asia, katika maonyesho ya *The Thin Black Line* kwenye taasisi ya sanaa ya ICA, London. Walichopewa ni korido. Ingrid Pollard, mzaliwa wa Guyana, alikuwamo. Baadaye alipiga picha za watu weusi katika mashamba na milima ya Uingereza, mahali ambapo wengi hawakutegemea kuwaona. Alikuwamo Veronica Ryan, mzaliwa wa kisiwa cha Montserrat, ambaye sanamu zake hufanana na mbegu na matunda. Sonia Boyce, ambaye wazazi wake walitoka Barbados na Guyana, alijichora mwenyewe. Maud Sulter, binti wa baba Mghana na mama Mskoti, alikuwa mpiga picha na mshairi.

Walichokuwa wakikidai ni haki ya mwanamke mweusi kujieleza mwenyewe badala ya kuelezwa na wengine.

Dai hilo ndilo lililozaa *Naming the Money*, kazi ya Himid ya mwaka 2004. Ni sanamu bapa 100 za mbao zilizopakwa rangi, zenye kimo cha binadamu: wapiga ngoma, wafinyanzi, washona viatu, waganga wa mitishamba. Ni Waafrika waliopelekwa utumwani Ulaya. Kila mmoja ana maelezo yanayotaja jina lake la kwao, jina alilobandikwa na bwana wake, kazi aliyoijua na kazi aliyolazimishwa. Anayepita kati yao hukutana na watu waliojulikana kwa wazazi wao, wala si mizigo ya meli.

Mwaka 2017 tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, iliondoa sharti la msanii kuwa chini ya miaka 50. Mwaka huohuo Himid, akiwa na miaka 63, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Ryan akaitwaa mwaka 2022, na mwaka huo Boyce akashinda tuzo ya Simba wa Dhahabu katika maonyesho ya sanaa ya Venice.