Alama Mbili za Kuuliza

Juzi usiku nilishinda mchezo wa sataranji kwenye simu, nikaomba programu iukague. Hatua ya 23, ile niliyojisifia, ikapigwa "??", yaani kosa kubwa. Nilimsogeza farasi nikitishia mati. Mpinzani hakuona kwamba malkia wangu kabaki bila mlinzi.

Kumbe kompyuta haijali nani alishinda. Stockfish, programu ya bure, hadi mwaka 2022 ilipima ubao kwa thamani ya askari: +1.0 ilimaanisha mweupe yuko mbele kwa kiasi cha askari mmoja. Kisha programu ya ukaguzi hulinganisha hatua uliyocheza na ile bora iliyoonwa na kompyuta. Pengo dogo hupata "?!", likikua "?", likitisha "??". Lakini mizani nyingine hutazama nafasi ya kushinda. Ukimpoteza farasi huku umezidi kwa malkia wawili, si neno; ukimpoteza mambo yakiwa sawa, umekwisha.

Tovuti ya Chess.com huita "nzuri ajabu" hatua ya kutoa kafara yenye faida. Hapo nabisha: hatua ya kimyakimya ya ngome huwa ngumu zaidi kuiona.

Nawe ukitaka kukagua michezo yako, anza na ile uliyoshinda.