Magendo Kati ya Seva Mbili

Tovuti kubwa mara chache huzungumza nawe moja kwa moja. Mbele yake kuna seva ya proksi inayopokea maombi ya wateja wote na mara nyingi kuyapitisha kwa seva ya nyuma kupitia muunganisho mmoja, ombi likifuata ombi. Hakuna ukuta kati ya ombi lako na langu. Kinachoyatenganisha ni hesabu tu: hili linaishia wapi, lile linaanzia wapi.

Itifaki ya HTTP 1.1 inaruhusu hesabu mbili. Ya kwanza hutaja mapema idadi ya baiti za mwili wa ombi. Ya pili hukata mwili wa ombi vipande vipande, na kipande cha ukubwa wa sifuri ndicho mwisho. Mshambuliaji huweka zote mbili katika ombi moja, zikipingana. Proksi ikihesabu baiti na seva ya nyuma ikihesabu vipande, seva ya nyuma hukomea kwenye sifuri. Baiti zilizobaki hazitupwi. Hubandikwa mwanzoni mwa ombi la mteja anayefuata, ambaye hana habari.

Kanuni zinasema vipande ndivyo vinavyoshinda. Lakini heda, yaani mstari wa ombi unaotangaza vipande, ikiandikwa kombo kidogo, seva moja huitambua na nyingine huipuuza.

Watafiti wa kampuni ya Watchfire waliyaeleza magendo haya mwaka 2005, kisha yakasahaulika kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2019 James Kettle wa kampuni ya PortSwigger aliyafufua, akionyesha pia ubaya wa kashe. Proksi inayohifadhi nakala ikipokea jibu lililopotoshwa, hulihifadhi chini ya anwani halali na kumgawia kila ajaye. Kwa njia hiyo aliweza kutia sumu faili ya JavaScript iliyotumika kwenye ukurasa wa PayPal wa kuingilia. PayPal ilimlipa dola 18,900 kwa kufichua tundu hilo. Tundu likazibwa, akalizunguka kwa heda iliyokunjwa mistari miwili, akalipwa 20,000 nyingine.

Kinachowachosha mafundi ni kwamba kila seva, ikipimwa peke yake, inaweza kuonekana nzima. Kosa liko kwenye kutokubaliana kwa seva hizo, na hapo hakuna anayewajibika.

Toleo lililofuata, HTTP/2, hubeba urefu ndani ya muundo wake, hivyo utata huo haupo. Tatizo ni kwamba proksi nyingi huipokea mbele, kisha huitafsiri kuwa HTTP 1.1 nyuma, na mwaka 2021 Kettle alionyesha kuwa tafsiri hiyo hufungua mlango uleule. Kwa hiyo anayenunua huduma ya proksi asiridhike kuambiwa kuwa ina HTTP/2. Aulize inazungumza nini na seva zake za nyuma.