Shaka Ivuliwe Pamoja na Sare

Wahenga walisema kwamba mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali hiyo yawahusu watu wengi, lakini yawahusu zaidi wale ambao kazi yao ni kuishi karibu na nyoka kila siku. Askari wa polisi husikia maelezo mengi kwa siku, na mengi kati ya hayo ni ya uongo. Mwanajeshi aliye lindoni usiku hafunzwi kudhani kwamba kivuli kinachosogea ni rafiki. Hufunzwa kukisimamisha na kukiuliza. Kwa hiyo kushuku ni sehemu ya kazi, kama zilivyo bunduki na pingu, na asiyejua kushuku hafai kupewa zamu.

Swali tunalotaka kulitazama leo ni jingine. Je, shaka hiyo huwekwa wapi zamu inapokwisha? Bunduki hurudishwa katika ghala la silaha, ikahesabiwa, ikaandikwa daftarini. Shaka haina ghala. Mara nyingi humfuata mwenyewe hadi nyumbani, ikaketi chakulani pamoja na mke na watoto. Mtoto akisema alichelewa shuleni, baba humhoji kama mahabusu. Jirani akileta zawadi, baba hujiuliza jirani huyo anataka nini.

Ili kulijibu swali hilo tumechagua sinema ya zamani ya Kimarekani, ambayo ni ya kuchekesha na ya kutazamwa na watu wa nyumba moja, wakubwa kwa wadogo. Jina lake ni Miracle on 34th Street, yaani Mwujiza wa Mtaa wa 34. Ilitolewa mwaka 1947, miaka miwili baada ya Vita Kuu ya Pili kumalizika. Mtungaji wa hadithi yake, Valentine Davies, alikuwa ametumika katika kikosi cha walinzi wa pwani wa Marekani wakati wa vita hivyo. Mwelekezaji alikuwa George Seaton.

Mhusika mkuu wa habari hii ni mama mmoja aitwaye Doris Walker, aliyeigizwa na Maureen O'Hara. Ni mtumishi mwenye cheo katika duka kubwa la Macy's, mjini New York. Ndoa yake ilivunjika, na kuvunjika huko kulimwachia funzo moja tu, kwamba mwenye kuamini hujitafutia majuto. Basi akaamua kumkinga binti yake Susan. Mtoto huyo, aliyeigizwa na Natalie Wood akiwa bado mdogo sana, hasimuliwi ngano wala hafundishwi michezo ya kujifanya simba au nyani. Anajua kwamba Baba Krismasi, yule mzee wa ndevu nyeupe anayesemwa kuwaletea watoto zawadi, ni mtu wa kukodishwa anayevalishwa joho jekundu. Tunamcheka mtoto huyu anapozungumza kama karani mzee, lakini tukitazama vizuri twaona huzuni, kwa maana amerithi jeraha lisilokuwa lake.

Kisa chaanza siku ya gwaride la duka hilo, linalopita mitaani kila mwaka mwishoni mwa Novemba. Mzee aliyeajiriwa kuwa Baba Krismasi amelewa. Mzee mwingine apitaye njia anakasirika kuona heshima ya kazi ile inachezewa, naye Doris, kwa kukosa la kufanya, anamwomba ashike nafasi hiyo. Mzee huyo ni Edmund Gwenn, mwigizaji wa Kiingereza aliyekuwa afisa katika jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wapiga picha walitumia gwaride lenyewe la mwaka 1946, na Gwenn ndiye aliyekuwa Baba Krismasi wa kweli wa gwaride hilo mbele ya umati wa watu.

Taabu inaanza pale mzee anapoulizwa jina lake. Anajibu kwamba yeye ni Kris Kringle, na kwamba hajifanyi Baba Krismasi bali ndiye hasa. Katika kadi yake ya kazi ameandika kuwa alizaliwa Ncha ya Kaskazini ya dunia, na mahali pa jamaa wa karibu ameandika majina ya wanyama wanaolivuta gari lake la thelujini. Msomaji aliyewahi kukaa kwenye meza ya mapokezi ya kituo cha polisi atamfahamu mtu wa namna hiyo, na atajua pia namna ya kuandika habari zake katika kitabu cha matukio.

Lakini Kris ana tabia moja inayomtatiza kila anayemshuku, nayo ni kwamba hasemi uongo hata pale uongo ungempa faida. Mteja akikosa kitu katika duka la Macy's, Kris humwelekeza kwenye duka la mshindani. Wakubwa wanakaribia kumfukuza, mpaka wanapoona kwamba wateja wamefurahi na wameongezeka. Hapo tajiri mwenyewe anaitangaza kweli hiyo kuwa siasa mpya ya biashara yake.

Kuna tendo jingine dogo ambalo sisi twaliona kuwa moyo wa sinema nzima. Mama mmoja anamleta msichana kutoka Uholanzi, yatima aliyechukuliwa katika nyumba ya yatima ya Rotterdam. Watazamaji wa mwaka 1947 hawakuhitaji kuelezwa yatima wa Rotterdam maana yake nini, kwa kuwa tarehe 14 Mei 1940 ndege za Wajerumani ziliuteketeza mji huo katikati yake. Mama anaomba radhi. Msichana hajui Kiingereza, ila ameshikilia kwamba mzee huyu atamwelewa. Mara Kris anaanza kusema naye kwa Kiholanzi, na wote wawili wanaimba. Maneno hayo hayakufasiriwa kwa watazamaji, wala hapakuwa na haja, kwa sababu uso wa mtoto ulieleza yote. Susan amesimama kando akitazama. Anapomweleza mama yake, Doris anajibu kwamba kujua lugha ya kigeni si ushahidi wa lolote. Kwa kanuni za upelelezi amesema kweli, lakini mtoto ameona jambo ambalo jibu hilo halikuligusa.

Baadaye Kris anamgonga kichwani mtumishi mmoja wa duka, kwa kuwa bwana huyo alikuwa akimwonea kijana mnyonge na kumtia hofu kwamba ana ugonjwa wa akili. Kwa kosa hilo anapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, kisha mbele ya Jaji Harper, ili iamuliwe kama afungiwe huko. Anayemtetea ni Fred Gailey, wakili kijana anayempenda Doris. Aliyemwigiza, John Payne, naye alikuwa ametumika katika kikosi cha anga cha jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Kesi hiyo ni ya kuvunja mbavu, hasa kwa wajuao mahakama. Wakili anamwita mtoto wa mwendesha mashtaka kuwa shahidi. Mtoto anaulizwa ni nani aliyemwambia kwamba Baba Krismasi yupo, naye anamwonyesha baba yake mwenyewe. Mwendesha mashtaka hawezi tena kubisha mbele ya mwanawe. Jaji naye ana uchaguzi mbele yake, na mshauri wake anamwonya kwamba jaji atakayemfuta Baba Krismasi atajifutia kura. Kisha watumishi wa posta, waliochoka na marundo ya barua za watoto zisizokuwa na pa kwenda, wanazipeleka zote mahakamani. Magunia yanamwagwa mbele ya Jaji mpaka haonekani. Wakili anasema kuwa posta ni idara ya serikali, nayo imekwisha kumtambua mzee huyu. Jaji anakubali upesi, naye mzee anaachiliwa.

Hapa twaomba wasomaji wetu wawe waangalifu. Mtu anaweza kudhani kwamba sinema hii yafundisha kuamini kila kitu na kuliacha jicho la kazi lifumbe. Sivyo hata kidogo. Waandishi wake walijua kwamba hukumu ile haikuthibitisha lolote. Tajiri alitaka wateja, Jaji alitaka kura, na watu wa posta walitaka nafasi katika stoo yao. Kila mmoja alimwamini Kris kwa faida yake.

Doris peke yake ndiye aliyefika kwa njia nyingine. Kabla ya hukumu, kabla hajaona gunia hata moja, binti yake alimwandikia Kris barua ya kumpa moyo, naye mama akaongeza chini yake kwamba hata yeye anamwamini. Hakuwa amepata karatasi mpya wala shahidi mpya. Alichokuwa nacho ni mwenendo wa mtu alioutazama kwa siku nyingi: mzee asiyesema uongo, aliyemtetea mnyonge na akakubali kuumia kwa ajili yake, aliyeona uso wa yatima mahali ambapo wengine waliona foleni. Twasema kwamba huo nao ni ushahidi, tena ni wa aina ambayo askari hodari huijua. Mwenzako wa doria humwamini kwa cheti chake. Humwamini kwa kuwa ulimwona siku ya hatari, naye hakukukimbia.

Sinema hii ilipata tuzo tatu za Oscar, moja ikiwa ya Gwenn. Haikupendwa na wote kwa namna moja. Chama cha Kikatoliki kilichokuwa kikikagua maadili ya sinema nchini Marekani kiliitia dosari kwa sababu Doris ni mwanamke aliyeachana na mumewe. Na mkuu wa studio, Darryl Zanuck, aliitoa wakati wa joto, miezi mingi kabla ya Krismasi, kwa kuwa watu wengi zaidi walikwenda kutazama sinema majira hayo. Hata hivyo imeishi. Mwaka 1994 ilitengenezwa upya, na mwaka 2005 ile ya kwanza iliwekwa katika hazina ya taifa ya sinema za Marekani.

Mwisho wake utawafurahisha wapelelezi. Susan alimwomba Kris nyumba halisi ya kukaa, na asubuhi ya Krismasi hakuipata. Analia kwamba alijua tangu mwanzo. Mama yake, yule yule aliyemfundisha kutoamini, sasa ndiye anayembembeleza aendelee kuamini hata jambo likiwa bado halijatimia. Kisha, wakiwa njiani kwa gari, wanaiona nyumba ile, tupu, inauzwa. Fred anaanza kujisifu kwamba alishinda kesi ngumu kwa akili zake, mpaka anapoona kitu kimeegemea ukutani. Ni fimbo, mfano wa fimbo ya mzee. Hakuna shahidi, hakuna maelezo, kuna kielelezo kimoja tu, na sinema inakwisha hapo.

Ndugu askari, hatuwaombi mmwamini mzee wa ndevu nyeupe. Kila mtu ana dini yake na mila zake. Wala hatuwaombi mwache kushuku mnapokuwa zamu, kwa maana maisha ya raia yamo katika macho yenu. Twawakumbusha tu kwamba shaka ni chombo cha kazi, na chombo cha kazi kina mahali pake. Jioni, unapotundika kofia ukutani na kuvua buti, itundike na shaka hapo hapo. Utaikuta asubuhi, haijaibwa na mtu. Mtoto anapokuja mbio kukueleza kwamba ameona tembo nyuma ya jiko, usimwulize tembo huyo alikuja saa ngapi na alishuhudiwa na nani. Toka naye nje, ukamtazame.