Mwezi wa kumi: joto isikule munkoyo na makuta ya nyumba

Bandugu wa kazi, bamama wa kambi, mwezi wa kumi ni mwezi mubaya kwa mutu mwenye kupika munkoyo. Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, pote mchana joto inapita digri 30 na mvua bado haijafika muzuri. Ile bidoni iliyokuwa inakaa siku mbili tatu wakati wa kipwa ikiwa tamu, sasa inalala usiku mumoja tu, na asubuhi imekuwa kali kama siki. Mununuzi anaonja, anatema, anaenda kwa jirani. Unga umekwenda, sukari imekwenda, makala imekwenda. Na kwa nyumba ambako mushahara umechelewa, ile bidoni ndiyo ilikuwa minervali ya mutoto.

Ndiyo sababu mutu wa sendika anaandika juu ya pombe leo. Sisi tunapigania mushahara, lakini katika nyumba nyingi za kambi ni makuta ya mama yanayofikisha jamaa mwisho wa mwezi. Hiyo haiandikwi katika mukataba wowote.

Tuanze na uji. Ukitoka motoni, usitie mizizi ya munkoyo mara moja. Ile mizizi ndiyo inayogeuza unga kuwa sukari, na uji muzito unalegea, unakuwa maji-maji. Lakini katika uji unaochemka nguvu ya mizizi inakufa, na hata ungoje siku nzima uji unabaki vile vile. Ngoja paka uweze kutia kidole na kukitoa bila kuungua. Joto ikiwa mingi inje, kungoja kunachukua saa nyingi, na inzi wadogo wanafika. Hao ndio wanaoleta mbegu ya siki. Basi mwaga uji katika beseni pana mbili au tatu, funika na kitambaa safi. Utapoa upesi kuliko katika sufuria moja kubwa.

Sasa tufike kwa shida yenyewe. Bamama wengi wanaongeza sukari na levire ya mukate ili munkoyo iwe na nguvu. Levire ni kama ekipe ya wachimbaji: inakula sukari, inatoa hewa, na kazi yake inazaa joto. Wale wa chini ya udongo wanajua hii bila kusomeshwa. Pahali ambapo vantilasio haifiki, joto haitoki kwa mwamba peke yake. Watu na mashine wanaiongeza. Ndani ya bidoni ni vile vile. Nyumba ikiwa na digri 30, katikati ya bidoni ya litre 20 inaweza kufika 34 au 35. Katika fû ya litre 200 inapanda zaidi, kwa sababu joto ya katikati haina njia ya kutoka. Levire ya mukate inapenda karibu na digri 30. Ikipita hapo inaanza kutoa harufu inayochoma pua, na karibu na 40 inaanza kufa. Wakati huo vijidudu vya uchachu vinafurahi, na vinachukua bidoni yote.

Basi adui wa kwanza hayuko inje kwa jua, yuko ndani ya bidoni. Mutu akisema «nimeiweka kwa kivuli», haitoshi.

Viwanda vya bia vinapoza matanki yao kwa mashine. Sisi umeme unakuja na kuondoka, lakini tuna usiku. Hapa kwetu, hata mwezi wa kumi, usiku joto inashuka chini ya digri 20. Kwa hiyo usitie levire asubuhi, tia jioni, jua likishuka, ili ekipe ifanye kazi yake kubwa katika baridi. Gawanya fû moja katika bidoni ndogo. Punguza sukari na levire kidogo, kwa sababu chakula kingi kinaleta joto nyingi. Ziweke chini kwenye simenti, si juu ya meza karibu na mabati.

Kisha simamisha kila bidoni katika beseni ya maji, vika kitambaa chenye kugusa yale maji. Maji yanapanda ndani ya kitambaa, yanakauka, yanaondoka na joto, sawa vile jasho kwa mwili. Lakini hii inafanya kazi muzuri wakati hewa ni kavu. Mvua ikianza kweli-kweli, mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, kitambaa kinabaki kimelowa na hakipozi kitu. Hapo badilisha maji ya beseni mara kwa mara. Mwenye bado na nyungu ya udongo ya bibi yake asiidharau, inatoka jasho yenyewe. Na usitie barafu ndani ya pombe. Itie katika chupa iliyofungwa, uweke katika beseni.

Bila termometre, gusa bidoni na mukono. Ukisikia baridi kidogo, ni muzuri. Ukisikia kama umeshika mukono wa mutu mwingine, imepita 30, leta maji upesi.

Usikaze kifuniko, bidoni itapasuka. Na usipange bidoni nyingi katika chumba kidogo kilichofungwa ambako baba wa poste ya usiku analala mchana, tena chini kwa matelà. Hewa inayotoka ni ile ile inayozima mushumaa katika mashimo ya zamani, na inakaa chini.

Neno moja kwa wanaume: bidoni iliyotoka usine, iliyobeba asidi au dawa ya kuosha madini, usiilete nyumbani hata ukiiosha mara kumi. Munkoyo ni chachu, inatoa yaliyojificha katika plastiki. Ile ya njano ya mafuta ya kupikia inatosha.